Mtoto Aliyezikwa Kwenye Kadi

Sehemu ya Tisa

Mlango ulifunguliwa. Nyote mliopiga simu hapa gazetini tangu wiki iliyopita, mkinitukana kwa kuwaacha kizingitini, sasa mpumue. Ulifunguliwa, ingawa ni upana wa kiganja tu, mnyororo ukiwa bado umeshikilia.

Ndani alisimama Kadi, mwandishi wa miaka sitini na minne, ambaye kwa miaka kumi na moja hakumfungulia binadamu yeyote isipokuwa muuza mkate. Na huyo naye huupenyeza mkate kwenye uwazi wa mnyororo. Nje alisimama fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni kana kwamba ameruka kutoka kwenye cherehani moja kwa moja.

"Mimi ndiye yule mtoto wa Chiriku uliyemuua kwenye sura ya sita," alikuwa amesema.

"Chiriku hana mtoto aliye hai," Kadi akajibu kupitia ule uwazi.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Basi nimefika penyewe. Fungua, mzee."

Kama umeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sikiliza haraka, maana hatuna muda. Kadi anaandika maisha ya mtu mmoja tu, mwimbaji Chiriku, na ameyaandika kwa miaka kumi na tisa bila kuyamaliza. Kila siku ya maisha ya yule mama ina kadi yake, na kadi zimejaa kwenye maboksi ya viatu kuanzia sakafuni hadi darini, hivi kwamba Kadi hulala kwenye kiti kwa kuwa kitanda kimechukuliwa na miaka ya sabini.

Hawajawahi kuonana. Kila siku saa kumi alasiri Kadi humpigia simu na kumsomea kadi moja, naye Chiriku husahihisha: gauni lilikuwa la kijani, mpiga besi alikuwa amelewa, mvua haikunyesha. Asiposahihisha, kadi inahesabika kuwa kweli. Kisha wanaagana. Kama ni mapenzi, mimi sijui, na ukimuuliza Kadi atakufungia mlango usoni.

Tuendelee.

"Nenda zako," Kadi akasema. "Nina kazi."

"Jana saa kumi alipokea simu?"

Mkono wa Kadi ukaganda kwenye kitasa. Jana simu ililia mpaka ikakatika. Alipiga mara thelathini na moja. Hakuwa amekula tangu wakati huo.

"Yuko hospitali," fundi akasema.

Mnyororo ukaanguka.

* * *

"Alianguka bafuni wiki mbili zilizopita," fundi alieleza akiwa amesimama, kwani kiti kilikuwa kimoja tu, cha Kadi. "Akajigonga kichwa. Jana akazidiwa, akaletwa hospitali. Damu imejikusanya ndani ya fuvu, inabana ubongo. Daktari anataka kutoboa aitoe leo saa tisa. Zaidi ya hapo, anasema, hatuongelei tena upasuaji, tunaongelea mazishi."

"Sasa si wampasue! Wanangoja nini?"

"Saini ya ndugu."

"Asaini mwenyewe."

"Akili yake inakuja na kwenda. Saini yake haihesabiki."

"Wewe je?"

Fundi akacheka kicheko kibaya. "Asubuhi nilimwambia nesi mimi ni mwanawe, nipe karatasi. Nesi akaenda kumuuliza. Unajua mama alisema nini? Aligeukia ukutani akasema, 'Mwanangu alikufa. Muulizeni mwandishi wangu.' Saini yake haihesabiki, mzee, ila kunikana kwake kumehesabika. Hospitali ndivyo zilivyo."

*Mwandishi wangu*, alisema. Kadi alifurahi. Mungu amsamehe, katikati ya balaa lile mzee alifurahi kusikia neno lile, kisha akaona aibu.

"Na nitajuaje kwamba wewe si tapeli?" akauliza ghafla. "Kwangu hakiandikwi kitu bila mashahidi watatu."

"Watatu?"

"Watatu. Majina yao huwa chini ya kila kadi."

"Nitolee kadi ya kifo changu."

Kadi hakusogea.

"Si unajua boksi lilipo? Nitolee, tusome mashahidi wangu."

Alilijua. Alilitoa chini ya meza ya kupigia pasi, ambayo ndiyo meza yake ya kulia chakula, akachambua kadi mpaka akaipata. Siku ya elfu tisa, mia sita na kumi na moja. Fundi akampokonya na kusoma kwa sauti.

"'Mtoto wa kike afariki kwa homa alfajiri. Mashahidi: muuguzi wa zamu, jirani wa chumba cha pili, mchimba kaburi.' Nataka kuwaona hawa watu. Wanaishi wapi?"

Kadi akaanza kuzipanga upya kadi za boksi.

"Mzee, nakuuliza. Wanaishi wapi?"

"Hawapo."

"Walikufa?"

"Hawakuwahi kuwepo." Kadi aliketi juu ya boksi la mwaka mzima, likabonyea. "Nilikuwa na pengo la siku kumi na nne. Kila upande kadi zimejaa, hapo katikati hakuna kitu. Mpiga ngoma aliniambia Chiriku alikuwa mjamzito. Baada ya zile siku kumi na nne yuko kwenye ziara na bendi, hana mimba wala mtoto. Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu alikata simu."

"Ukaamua nimekufa."

"Nikaandika homa. Nikamsomea, nikijua atanifokea, na katika kufoka ataniambia kilichotokea kweli. Hakufoka. Alinyamaza, akasema tuongee kesho. Na kwetu sisi, asiposahihisha…"

"Ni kweli."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo ulinizika kwa sababu mtu mmoja alinyamaza kwenye simu." Fundi alizungumza polepole sasa, na hilo lilimtisha Kadi kuliko makelele. "Mama aliyenilea alipokuwa anakata roho aliniambia mamangu mzazi ni nani. Siku arobaini baadaye nikaona gazeti limechapa sura yako. Nimesoma kifo changu nikiwa na pini mdomoni, mteja kasimama mbele yangu anangoja upindo. Juzi nikaenda kwake. Akanifungia mlango. Kichwa chake kimeharibika, kinashika kile tu ulichokiandika. Sasa utaenda kukifuta."

"Nitampigia saa kumi."

"Saa kumi atakuwa ameshapasuliwa au ameshakufa! Ni saa saba na nusu hii!"

Kadi akairukia simu. Akapata hospitali, akapata wodi, akapata sauti ya mwanamke iliyochoka.

"Wagonjwa hatuwapelekei simu, mzee. Njoo umwone."

"Siwezi kuja."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Uko mbali?"

"Hapana."

"Basi njoo," ikasema ile sauti, na simu ikakatwa.

* * *

Tatizo la kwanza lilikuwa viatu. Miaka kumi na moja kabatini, soli zilimegeka kama biskuti mara alipozikanyaga. Akaenda na kandambili.

Tatizo la pili lilikuwa ngazi. Alishuka ghorofa tatu kwa makalio, ngazi moja moja, akiwa amefumba macho, huku fundi akimtangulia na kumwambia, "Moja nyingine. Moja nyingine, mzee." Jirani wa chini alifungua mlango, akamwona, akapiga yowe. Alidhani mtu wa juu alishafariki zamani.

Kwenye teksi Kadi alijikunja sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, ile kadi imefichwa kifuani.

"Huyu anatoroshwa kutoka wapi?" dereva akauliza.

"Endesha," fundi akasema.

"Nitamwambiaje?" Kadi alinong'ona kutoka kule chini. "Nikimwambia hili ni uongo, atauliza na mengine je? Miaka kumi na tisa, binti yangu. Kazi yote itaonekana uchafu. Yule mama hana kitu kingine cha kujikumbukia. Na mimi pia sina."

"Mimi nina kitu gani?" fundi akamjibu. "Nataka aniite mwanangu mara moja, nisaini, apone. Akipona asitake kuniona tena, sawa. Mara moja tu."



* * *

Saa nane na dakika ishirini na tano.

Kwenye mlango wa wodi Kadi alisimama akashindwa kuingia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na uso mmoja tu wa Chiriku, ule wa kwenye jalada la santuri, mwenye hereni kubwa na macho ya dharau. Kitandani alilala bibi mdogo aliyenyolewa kichwa, macho yamefumbwa, mrija wa dripu mkononi.

"Nenda," fundi akamsukuma.

Kadi akasafisha koo. Akasema maneno ambayo kila siku huanza nayo simu, kwa kuwa hakuwa na mengine.

"Leo ni siku ya elfu ishirini na nne, mia sita na tatu."

Macho yakafunguka.

"Mbona leo mapema?" Chiriku akauliza. Kisha akageuza shingo kwa taabu, akamwona, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Ala! Nilidhani wewe ni mrefu."

"Samahani."

"Na umetoka nje. Basi nakufa kweli."

Nesi, yuleyule mwenye sauti iliyochoka, akaangalia saa yake. "Mzee, kama una neno, liseme. Chumba kinaandaliwa."

Kadi akaitoa ile kadi kifuani, imelowa jasho. Akaisoma yote, homa, alfajiri, na mashahidi watatu. Halafu akaendelea bila kupumua.

"Haya yote niliyatunga. Hakuna muuguzi wala jirani, hakuna kaburi. Nilikuwa na pengo nikalijaza, nikakusomea mpaka yakakuingia kichwani. Nilikudanganya juu ya mtoto wako mwenyewe. Mwanao yuko hai, ndiye huyu uliyemkana asubuhi. Umlaumu mimi… unilaumu mimi, si yeye." Mzee alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. "Sahihisha, Chiriku. Nakuomba. Sahihisha."



"Najua," Chiriku akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulitunga. Nilijua siku ileile uliponisomea. Nilimzaa mimi, Kadi. Nisijue kama alikufa?"

Kadi alishika chuma cha kitanda.

"Kichwa changu kinapoteza jina la nesi," Chiriku akasema. "Hilo hakijawahi kulipoteza. Ulipoandika homa nilishukuru. Ungeniuliza mara ya nne ningekuambia, lakini hukuuliza, ukaandika homa, nikasema Mungu mkubwa, limekwisha."

"Na juzi mlangoni?" fundi akauliza, akisogea mbele. "Ulinijua?"

"Kabla hujafungua kinywa. Una paji la uso la mama yangu."

"Mama," nesi akaingilia, kwani dakika hazikuwa zinamsubiri mtu, "huyu dada ni nani yako? Nijibu vizuri, naandika."

Chiriku akafumba macho, akayafumbua.

"Ni mwanangu. Wa kumzaa."

Neno lilikuwa limetoka. Fundi aliziba uso kwa mikono miwili, mabega yakamruka. Nesi akampa fomu na kalamu, akamwonyesha mstari. Saa nane na dakika arobaini. Ingekuwa gazeti jingine, hadithi ingeishia hapa na ndoa ingetangazwa.

Fundi akaweka kalamu kwenye karatasi. Halafu akainua kichwa.

"Kitu kimoja, mama. Aliyenilea aliniambia ulikuwa unaumwa. Kwamba hukuwa na nguvu hata ya kunibeba, ndiyo ukanitoa."

"Alikuwa mwanamke mwema."

"Ulikuwa unaumwa, au hukuwa unaumwa?"

Nyuma ya fundi, Kadi akamkazia macho Chiriku na kutikisa kichwa kwa nguvu. *Sema ndiyo. Sema uliumwa.* Huyu ndiye mtu aliyeomba ukweli kwa simu siku baada ya siku kwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa anaomba uongo kwa shingo yake yote. Chiriku alimwona. Alimwona vizuri.

"Sikuwa naumwa," akasema.

Kalamu ikasimama.

"Bendi ilikuwa inasafiri. Kiongozi wa bendi alisema nichague, mtoto au maikrofoni. Sikuhangaika, mwanangu. Watu wanadhani nilihangaika. Nilikukabidhi asubuhi ukiwa na siku nane, jioni nikapanda jukwaani, nikaimba kuliko nilivyowahi kuimba. Kadi ameandika kwamba niliimba vile kwa uchungu. Uchungu gani? Nilikuwa na furaha. Nilijihisi mwepesi." "Hilo ndilo sikuweza kumwambia hata yeye. Na sasa wanataka kunitoboa kichwa, sitaki liniponyoke huko kabla mtu mmoja hajalisikia. Sikutaka uwe wewe. Ila umeuliza."

Fundi hakulia tena. Alifunga kalamu kwa kifuniko chake, taratibu, akailaza juu ya fomu, juu ya mstari usio na jina.

"Nesi," akasema, "mtoto wa huyu mama alifariki kwa homa. Imeandikwa, na ina mashahidi watatu."

Akatoka.

* * *

Saa tisa kasoro dakika saba.

"Mwiteni!" nesi alifoka. "Jamani, mwiteni yule dada!" Lakini wahudumu walikuwa wameshaingia na machela, na mgonjwa alikuwa ameshahamishiwa juu yake. Mkono wa kushoto wa Chiriku ulikuwa umeanza kulegea. Alipojaribu kusema jambo, nusu ya mdomo haikumtii.

"Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaiogopa," nesi akasema kwa sauti ya chini. "Damu inabana. Mzee, hakuna ndugu mwingine? Dada, mpwa, mtu wa ukoo, yeyote?"

Kadi alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Dada alikufa kwenye boksi la arobaini na mbili, mpwa alipotea kwenye la hamsini.

Akachukua fomu. *Jina.* Akaandika jina lake halisi, ambalo hata ninyi wasomaji hamjawahi kulisikia. *Uhusiano na mgonjwa.* Saa moja iliyopita, kwenye sakafu ya teksi, alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba maishani mwake hataandika tena neno lisilo na shahidi. Akaandika: *Mume.*

Nesi akasoma. Akazitazama kandambili.

"Mume."

"Nilitoka mbio."

"Mna miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Nesi akamgeukia Chiriku. Chiriku alikuwa amesikia, na jicho lake moja lililokuwa bado na nguvu likamwangukia Kadi na kukaa hapo. Hakusahihisha.

"Twendeni," nesi akasema.

Machela ikaondoka kwa kasi, magurudumu yakilia. Kadi alikimbia kando yake, kandambili moja ikabaki nyuma. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mwisho wa korido mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa umeachwa wazi, na daktari amesimama ndani, mikono juu, inadondosha maji.

Fundi alikuwa pale ngazini.

Hakuwa ameshuka hata ngazi moja. Alikuwa ameegemea ukuta, futi amejizungushia kwenye ngumi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Aliiona machela ikija. Akamwona mzee, na fomu mkononi mwa nesi, na saini chini yake.

"Nani kasaini?"

"Mume wake. Tupishe, dada."

"Mume?" Sauti yake ilijaa korido nzima. "Simamisha! Huyo si mume wake! Hana undugu naye hata wa kusingizia, wameonana leo kwa mara ya kwanza! Akifia humo ndani mtaniambia nani alimruhusu? Mwongo yule! Ameshamwua mtu mmoja kwa kalamu!"

Machela ikasimama. Nesi alimkazia Kadi macho, na mzee hakuweza kukana.

"Nesi, vipi?" daktari akaita kutoka ndani. "Sasa au sivyo."

Nesi akaichana ile fomu katikati. Akavuta nyingine kutoka kwenye ubao wake, tupu kabisa, akasimama mbele ya fundi.

"Asubuhi ulisema u mwanawe, yeye akakukana. Sasa hivi yeye amekukubali, wewe ukamkana. Huyu mzee anajitia mume, humtaki. Daktari ameshanawa mikono. Niambie wewe, dada, kwa mdomo wako. Hapa niandike nani?"

Kadi alipiga magoti sakafuni, lakini fundi hakumwangalia. Alikuwa anamwangalia mama yake. Na Chiriku, kichwa kipara kimelala kwenye mto mwembamba wa machela, mdomo umepinda, alimgeuzia binti yake lile jicho moja lililobaki, na lilikuwa limejaa woga.

(Itaendelea wiki ijayo)